Lumen: Habari za Neno la Kilatini Lenye Kazi Nyingi

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo tumekusudia kufuata habari za neno moja tu, tangu vinywa vya Warumi wa kale hata kasha la globu liuzwalo dukani. Neno lenyewe ni lumen, nalo katika lugha ya Kilatini maana yake ni nuru. Huenda mtu akasema: ikiwa maana yake ni nuru, mmekwisha kulieleza, basi kumebaki nini? Kumebaki mengi. Tabibu akitaja lumen, ana habari ya uwazi ulio ndani ya mshipa wa damu. Fundi wa umeme akilitaja, ana habari ya kipimo. Mwanasheria wa Roma alipolitaja, alikuwa akisema habari za dirisha na ugomvi wa majirani, na mshairi wa Roma mara nyingi alikuwa akisema jicho. Uwazi, kipimo, dirisha, jicho: mambo haya yalipataje kukaa pamoja katika neno moja la nuru?

Swali hili lawahusu hasa waalimu na wanafunzi. Katika shule nyingi imezoeleka kujifunza lugha ngeni kwa orodha, upande huu neno la kigeni, upande huu neno la Kiswahili, na mstari katikati. Orodha yafaa kwa kuanzia, lakini mtoto akiachwa nayo peke yake, atadhani kwamba kila neno lina maana moja, nayo haibadiliki milele. Hali lugha yake mwenyewe yamwonyesha vingine kila siku. Tazameni neno letu mlango. Nyumba ina mlango, kitabu kina milango, bahari ina mlango mahali nchi mbili zinapokaribiana, na watu wa pwani husema fulani na fulani ni wa mlango mmoja, yaani ni wa ukoo mmoja. Mswahili hachanganyikiwi, kwa maana katika kila jambo hilo huona mahali pa kuingilia au pa kutokea. Basi na sisi tulitafute hilo jambo moja ambalo Mrumi aliliona katika lumen, nalo tukilipata, maana nyingine zitajipanga zenyewe.

Kwanza tuujue ukoo wake. Kilatini kilikuwa na maneno mawili makubwa ya nuru, lux na lumen. Yote mawili ni ya shina moja, na shina hilo ni la kale mno, kwa kuwa ndilo lililozaa pia luna, yaani mwezi, na katika Kiyunani likazaa leukos, yaani kitu cheupe, na maneno ya nuru yatumiwayo hata leo na Waingereza na Wajerumani ni ya ukoo huo huo. Lux ni nuru yenyewe, nuru ya mchana. Lumen limetiwa mwisho wa -men, na kwa mwisho huo Warumi walifanya jina la kitu kutokana na tendo. Katika fluere, yaani kutiririka, walipata flumen, yaani mto. Vivyo hivyo katika kung'aa walipata lumen, yaani kitu kitoacho nuru, au nuru iliyokwisha kutoka na kufika mahali. Taa iliitwa lumen, na mwanga wa taa uliopiga ukutani uliitwa lumen vilevile.

Tofauti hiyo yaonekana katika Biblia ya Kilatini, aliyoifanyia kazi Jerome tangu mwaka 382 hata karibu na mwaka 405. Katika mlango wa kwanza wa Mwanzo, nuru iliyoumbwa siku ya kwanza aliiita lux. Lakini jua na mwezi, vilivyowekwa mbinguni siku ya nne, aliviita luminaria, neno lililotoka katika lumen, kwa sababu ni vyombo vya kuleta nuru kwa watu. Hata hivyo tusidhani kwamba kila Mrumi aliyashika maneno haya mawili kama mizani ya sonara. Washairi waliyabadilisha kama shairi lilivyotaka, na watu wa sokoni walisema walivyozoea.

Waliokuja kuitengeneza tofauti hii kwa uangalifu walikuwa wanazuoni wa baadaye, na hapo habari yetu yagusa Kiswahili. Tabibu na mwanafalsafa mkubwa Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliandika kwa Kiarabu kitabu juu ya roho, na ndani yake alitenga nuru iliyo ndani ya kitu kama jua au moto, ambayo aliiita dhau, na nuru itokayo humo ikaviangukia vitu vingine, ambayo aliiita nur. Katika karne ya 12 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, katika nchi ya Hispania. Wafasiri waliweka lux mahali pa dhau, na lumen mahali pa nur. Na nur ndilo neno tulilolipokea sisi katika Kiswahili kuwa nuru. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye leo kwamba lumen ni nuru, ajue kwamba jozi hiyo ilikwisha kufungwa na wafasiri wa Toledo zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Sasa tumekwisha kuona alama ya kwanza ya njia. Lux yaweza kukaa peke yake, lakini lumen ni nuru inayomfikia mtu au kitu. Tushike hilo mkononi, tuendelee.

Nuru humfikia mtu wapi? Katika jicho. Ndiyo sababu washairi wa Kilatini waliyaita macho lumina, ambayo ni wingi wa lumen. Virgil, aliyekufa mwaka 19 kabla ya Kristo, katika kitabu cha tatu cha utenzi wake uitwao Aeneid, ataja lile jitu lenye jicho moja lililopofushwa, na asemapo kwamba liliondolewa jicho atumia neno lumen. Msomaji hawezi kujua kama jitu liliondolewa jicho au liliondolewa nuru, wala hana haja ya kujua, kwa maana ni hasara moja. Sisi nasi twasema mtu fulani macho yake yamepotewa na nuru, na msikiaji huelewa mara moja.

Kutoka hapo neno lilipanda kwenye mambo ya akili. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliwaita wakuu wa mji lumina, kwa kuwa wengine waliona njia kwa ajili yao, na tena aliliita jina hilo pambo la maneno linaloifanya hotuba ing'ae masikioni. Vyuo pia vimelichukua. Chuo kikuu cha Columbia mjini New York, kilichoanzishwa mwaka 1754, na chuo cha Fort Hare katika Afrika ya Kusini, kilichofunguliwa mwaka 1916, vyote viwili vina wito wa Kilatini uliotolewa katika Zaburi ya 36, na ndani yake lumen latajwa mara mbili, kwanza nuru ituangazayo, kisha nuru tunayoiona kwa hiyo ya kwanza. Huko Fort Hare ndiko aliposoma Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1944.

Tushuke sasa katika nyumba, maana huko ndiko neno hili lilikofanya kazi nzito. Nyumba nayo ina jicho, nalo ni dirisha. Vitruvius, mjenzi aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika zamani za Kaisari Augustus, ayaita madirisha lumina, na uwazi wa mlango pia auita lumen, yaani ile nafasi iliyobaki kati ya miimo, mtu anapopita. Angalieni jinsi maana inavyoanza kuteleza. Kwanza lumen ilikuwa nuru inayoingia, kisha ikawa tundu ambalo nuru huingia kwalo, kisha ikawa uwazi wa kupitia, hata kama apitaye ni mtu.

Mji wa Roma katika siku hizo ulikuwa na watu wengi mno, na nyumba za kupanga zilijengwa orofa juu ya orofa. Strabo, mwandishi wa jiografia, asimulia kwamba Augustus aliweka amri majengo mapya yaliyo kando ya barabara za watu wote yasipite futi 70 kwenda juu, yaani mita 21 hivi. Katika mji wa namna hiyo, tajiri akiinua ukuta wake, maskini aliye nyuma hukaa gizani mchana. Hewa ni ya Mungu, na jua halina mwenyewe, tena ukuta umejengwa katika kiwanja cha mwenye ukuta. Basi yule aliye gizani atashitaki kwa neno gani? Hapo ndipo wanasheria walipolishika neno lumen. Waliweka haki za majirani wa mjini, na miongoni mwake ilikuwa haki ya mtu kwamba lumina zake zisizuiwe, na nyingine kwamba jirani asijenge juu zaidi ya kadiri fulani. Haki hizo zilifungwa na nyumba yenyewe, hata ikiuzwa, mnunuzi alizipata pamoja na kuta na paa.

Lakini sheria haiwezi kusimama juu ya neno lisilo na mpaka. Lumen ni nini mbele ya hakimu? Mwanasheria Paulus alilijibu swali hili, na jibu lake limehifadhiwa katika mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533. Alisema kwamba kuwa na lumen ni kuweza kuiona mbingu. Tena akatenga lumen na mandhari, akasema mandhari mtu aweza kuyapata hata akitazama chini, lakini lumen haitoki chini kamwe. Vitruvius naye alitoa njia ya kupima ambayo fundi yeyote angeweza kuifanya kwa kamba. Nyosha kamba tangu juu ya ukuta unaodhaniwa kuzuia, hata mahali ambapo nuru inatakiwa kuingia, kisha tazama juu ya kamba hiyo. Ukiona sehemu kubwa ya mbingu, hapana kizuizi. Mjenzi na mwanasheria, kila mtu kwa kazi yake, wamepatana kwamba nuru ya mtu ni ile sehemu ya mbingu anayoweza kuiona akiwa ndani ya nyumba yake.

Fikira hiyo haikufa pamoja na Dola ya Warumi. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1832 iliamuru kwamba dirisha lililopata nuru kwa miaka 20 bila kukatizwa, mwenyewe amepata haki ya nuru hiyo, na katika London watu waliweka vibao chini ya madirisha yao ili kumwonya mjenzi wa jirani. Katika miaka ya 1920 mpima majengo Percy Waldram akatafuta ni kadiri gani ya nuru iliyo haba hata mtu ana haki ya kunung'unika. Akaweka mpaka wake katika lumen moja kwa kila futi moja ya mraba, na mahakama za huko zikautumia mpaka huo kwa miaka mingi. Lumen hii ya Waldram si dirisha tena, ni kipimo, nacho tutakifikia baada ya kupita kwa matabibu.

Tumeona jinsi lumen ilivyopata kuwa uwazi. Mtu akikata bomba au mwanzi, kisha akautazama mwanga kwa tundu lake, aona duara la nuru lililozungukwa na ukuta. Duara hilo ni dirisha dogo. Wataalamu wa mwili, ambao kwa karne nyingi waliandika kwa Kilatini, waliuita uwazi wa ndani wa kila mrija lumen: uwazi wa utumbo, wa koo la hewa, wa mshipa wa damu, hata wa sindano ya kudungia dawa. Ndani ya mshipa hamna nuru hata chembe, ila neno limebaki, maana kitu chapita humo.

Na mambo makubwa yategemea uwazi huo. Tabibu wa Kifaransa Jean Poiseuille alifanya majaribio ya maji katika mirija myembamba ya kioo, na katika miaka ya 1840 akatangaza aliyoyaona. Mrija ukipunguzwa upana wake hata nusu, na nguvu ya kusukuma ikibaki ile ile, maji yapitayo hayawi nusu, bali huwa sehemu moja ya 16 tu. Mtu aweza kudhani kwamba mafuta yakiganda kidogo katika kuta za mshipa si neno, kwa kuwa nafasi ingali ipo. Hesabu ya Poiseuille yatuonya kwamba uwazi ukipungua kidogo, damu hupungua sana. Tabibu asemapo kwamba lumen ya mshipa wa moyo imekuwa nyembamba, jamaa za mgonjwa wasilidharau neno hilo.

Hata katika mimea neno lafanya kazi. Unyuzi mmoja wa pamba, ukitazamwa kwa darubini ya vitu vidogo, ni kama mrija, na uwazi wake wa ndani waitwa lumen. Pamba ikikomaa na kukauka, uwazi huo hubonyea, na unyuzi hujisokota kama utepe, na kwa sababu hiyo nyuzi za pamba hushikana na kusokoteka vizuri. Lakini sufi ya msufi wetu ina uwazi mpana uliojaa hewa, na ngozi yake yateleza. Basi hatuisokoti, bali twaitia katika magodoro na mito, na mabaharia waliitia katika maboya ya kuokolea watu, kwa maana yaelea kwa ile hewa. Mwalimu wa kijiji aweza kuonyesha pamba na sufi mezani, na watoto wakafahamu jinsi uwazi usioonekana kwa macho unavyoamua kazi ya kitu.

Sasa tuje kwenye kipimo. Katika karne ya 19 miji ya Ulaya ilinunua gesi ya taa kwa makampuni, na mnunuzi alitaka kujua kama nuru aliyopewa ni sawa na fedha aliyotoa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1860, ilichagua mshumaa wa nta ya nyangumi, uzito wake sehemu moja ya sita ya ratili, uliounguza gramu 7.8 hivi kwa saa moja, na nuru nyingine zote zikalinganishwa nao. Nchi nyingine zilikuwa na taa zao za kulinganishia, na hapakuwa na mapatano. Ndipo Mfaransa André Blondel, mhandisi katika idara ya minara ya taa za pwani, alipotoa shauri mwaka 1894 la kuweka jamii nzima ya vipimo vya nuru. Kwa kipimo cha nuru inayotoka katika taa na kuenea alichagua jina lumen, na mkutano wa wataalamu wa umeme uliokutana Geneva mwaka 1896 ukalikubali shauri lake. Nuru inayoangukia meza au kitabu ikaitwa kwa jina la ndugu yake, lux, na lux moja ni lumen moja iliyoenea juu ya mita moja ya mraba.

Lakini katika kuipima nuru kulikuwa na shida isiyokuwamo katika kupima nguo au mchele. Jicho la mwanadamu halioni rangi zote kwa usawa. Nguvu ile ile ikitolewa kwa rangi ya kijani yenye kuelekea manjano, jicho laiona kali. Ikitolewa kwa nyekundu iliyokoza, laiona hafifu. Na ikitolewa kwa miali ya joto tu, jicho halioni kitu. Mwaka 1924 tume ya kimataifa ya mambo ya nuru ilikubali jedwali linaloonyesha jicho la kawaida lapokeaje kila rangi, na lumen huhesabiwa kwa jedwali hilo. Mwaka 1979 mkutano mkuu wa vipimo ukaamua kwamba nguvu ya wati moja, katika nuru yenye mawimbi milioni milioni 540 kwa sekunde, ambayo ndiyo ile ya kijani, ni lumen 683. Kwa hiyo kipimo hiki hakihesabu nguvu yote itokayo katika taa, bali chahesabu ile inayolifaa jicho. Katika Virgil, lumen ni jicho na ni nuru kwa pamoja. Katika vitabu vya fizikia vya leo hesabu ya lumen haiwezi kufanywa bila jicho.

Na jina la kipimo kingine katika jamii hiyo halitukalii mbali. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa vipimo ulithibitisha jina candela kwa ukali wa nuru katika upande mmoja, nao ni karibu sawa na ukali wa mshumaa mmoja. Candela ni neno la Kilatini la mshumaa. Hapo kale lilipita kwa Wayunani na watu wa Sham, likaingia katika Kiarabu kuwa qindil, likavuka bahari hata pwani yetu, na sisi twaliita kandili. Wareno nao, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, kwa lugha yao huita moto lume, na asili yake ni lumen. Walituachia meza ya kuwekea taa, lakini lume yao hawakutuachia, kwa kuwa kandili ilikwisha fika.

Tufanye hesabu kidogo kwa vipimo hivi, maana ndipo faida yake itaonekana. Mshumaa wenye ukali wa candela moja pande zote hutoa lumen 12 na nusu hivi. Kitabu kikiwa mbali nao mita moja chapata lux moja. Kikiwa mita mbili, chapata robo ya lux. Mita tatu, sehemu moja ya tisa. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2011 ilitaka meza za chumba cha shule zipate lux 300. Mwanafunzi anayetaka kupata lux 300 kwa mshumaa mmoja lazima aweke kitabu karibu sentimita 6 na ule mwali, mahali ambapo nywele zake zitaungua kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Mzazi anayesema kwamba mtoto ana taa, basi mbona hasomi, na afanye hesabu hiyo kwanza. Pengine mtoto ana taa, lakini nuru haijamfikia.

Kadhalika dukani. Watu wengi wamezoea kununua globu kwa wati, wakidhani kwamba wati ni nuru. Wati ni chakula cha taa; lumen ni kazi yake. Globu ya kale ya wati 60 ilitoa lumen 700 hivi, na sehemu kubwa ya chakula chake iligeuka joto lisilomsaidia msomaji. Taa ya LED ya wati 8 au 9 hutoa lumen 800 hivi. Mwenye kutazama wati peke yake atadhani amepunjwa, kumbe amepata zaidi kwa gharama ndogo. Na mwenye duka akiuza taa isiyoandikwa lumen zake, mnunuzi ana haki ya kuuliza, kama Mrumi alivyokuwa na haki ya kuuliza habari za ukuta wa jirani.

Tukikusanya sasa yote tuliyoyapita, twaona kwamba neno halikutangatanga bila njia. Jicho ni mahali ambapo nuru humwingia mtu. Dirisha ni mahali ambapo huingia katika nyumba. Uwazi wa mshipa ni dirisha lililosahau nuru, likakumbuka kupitisha. Kipimo nacho ni hesabu ya nuru iliyo na faida kwa jicho. Katika kila kazi hizo lumen ni nuru, au ni njia, imfikiayo mtu, na kila mahali palikuwa na mtu ambaye angepata hasara kama isingemfikia: kipofu, mpangaji aliye nyuma ya ukuta mrefu, mgonjwa wa moyo, mnunuzi wa gesi, na mtoto mwenye kitabu usiku.

Basi waalimu wenzetu, mkifika kwenye neno la namna hii darasani, msiliache baada ya mstari mmoja wa orodha. Waulizeni watoto neno hilo linafanya kazi gani, kwa nani, na wapi. Kisha, kama shuleni mna kasha la taa, litoeni mbele yao, wasome iliyoandikwa lumen, wapime kwa mita umbali kutoka taa hata madawati, na wahesabu wenyewe kama mwenzao aketiye nyuma kabisa apata nuru ya kutosha kusoma. Kama haitoshi, msogezeni mbele.